Chini ya Taa ya Zambarau

Mara ya kwanza Mama Nzembi alisema mahindi hayajavunwa, na hawezi kutoka Shimba Hills kwenda Kikoneni, kwao Kadzo, kumposea mwanawe huku nyani wakimmalizia shamba. Mara ya pili kulikuwa na semina ya akina mama kanisani. Visingizio vilipomwishia alisema ukweli, tena alimwambia Kadzo mwenyewe, jikoni kwake, akimenya viazi bila kuinua macho. Alisema angependa kujua kwanza kama ule weupe unatembea au umesimama.

Kadzo alimeza maneno yake siku ile. Alikuwa amekwisha kuzoea watu kuizungumzia ngozi yake kana kwamba mwenyewe hayupo. Mbalanga ilimwanzia kwenye ncha za vidole, ikapanda mpaka kwenye vifundo vya mikono, kisha ikamchora duara jeupe kuzunguka mdomo. Na kazi yake ilikuwa ususi. Kila mteja mgeni aliyeketi kwenye kiti chake pale Ukunda alivitazama kwanza vile vidole kwenye kioo kabla ya kumtazama msusi usoni. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni, wakaondoka. Waliobaki ndio waliomjengea jina, kwa kuwa hakukuwa na mkono mwingine uliosuka mstari ulionyooka kama wake.

Muindi hakuwa amekumbuka chungu. Alikuja akimsindikiza binamu yake, akaketi kwenye benchi akamtazama Kadzo akisuka tangu kichwa kikiwa kitupu mpaka kikamalizika, na juma lililofuata akarudi bila binamu. Alikuwa mpishi wa hoteli moja kule Diani, kijana mrefu mwenye kicheko cha taratibu, mmoja wa wale Wakamba waliozaliwa huku kwenye masikimu, mashamba waliyogawiwa wazazi wao na serikali, kwa hiyo aliongea kama mtu wa Pwani na kula kama mtu wa bara. Jioni ya kwanza waliyotembea pamoja alimshika mkono njiani, mbele za watu, akamwambia kwamba kwake yeye mabaka yale si kitu, ni rangi tu. Kadzo alikuwa hajawahi kushikwa mkono njiani. Miaka miwili baadaye bado aliweza kukumbuka walikuwa wamefika wapi.

Ndiyo maana ilimchoma kwamba Muindi alilikubali sharti la mama yake kabla ya kumwuliza. Alikuja kumwambia likiwa limekwisha kupangwa. Alisema ni jambo dogo, picha tu, na hata hivyo Daktari Hanifa, aliyekuwa akimtibu ngozi, alikuwa amekwisha kumpa Kadzo tarehe ya picha ya pili, ya kulinganisha na ya kwanza. Wangeenda wote watatu, mama aone kwa macho yake, mdomo ufungwe, posa iende. Kadzo alitaka kumwambia kwamba hakuna mwanamume anayepimwa kabla ya kuoa. Badala yake alikubali, kwa sababu alikuwa amechoka kungoja, na kwa sababu alimpenda.

Kliniki ya ngozi ilikuwa ghorofani, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Diani. Daktari Hanifa, mwanamke wa makamo kutoka Msambweni aliyekuwa na sauti ya pole na macho yasiyopitwa na kitu, alimwita Kadzo ndani peke yake kwanza. Alimwuliza kama kweli anataka wale watu wawili waingie. Alimwambia kwamba hana deni la kumwonyesha mtu yeyote mwili wake, awe mkwe au nani.

"Waingie," Kadzo alisema. "Nataka waone wenyewe. Nimechoka kuwa mkalimani wa ngozi yangu."

Wakaingia. Mama Nzembi alichukua kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Muindi alisimama nyuma ya Kadzo. Daktari alimsimamisha Kadzo juu ya alama zilizobandikwa sakafuni, akamwegemeza kidevu kwenye kishikio, akazisogeza taa mbili mpaka kimo kile kile cha safari iliyopita. Alieleza kwamba lazima kila kitu kiwe sawa na siku ya picha ya kwanza, umbali, mwanga na pembe, la sivyo mtu atalinganisha taa badala ya kulinganisha ngozi. Akampiga picha ya uso, kisha ya mikono, upande wa juu na wa chini, juu ya kitambaa cheusi.

Kadzo alisikia Mama Nzembi akipumua.

Daktari aliziweka picha zote mbili kwenye kompyuta, ya wakati wa masika kushoto, ya leo kulia. Kompyuta ikachora mstari mwembamba kulifuata kila baka, ikapima eneo lake. Alieleza polepole, akiwageukia wote. Mabaka yanayotembea huwa na kingo zenye ukungu, na pembeni yake hutokea vinukta vidogo kama chenga za mchele zilizomwagika. Ya Kadzo kingo zake zilikuwa kali, na hapakuwa na chenga. Tena, pale juu ya vidole, katikati ya weupe, palikuwa na nukta za kahawia ambazo kwenye picha ya kwanza hazikuwepo. Rangi ilikuwa inarudi, ikitokea kwenye mizizi ya vinyweleo.

"Imesimama," alisema Daktari Hanifa. "Na dawa inafanya kazi."

Kadzo alihisi mkono wa Muindi ukimbana bega. Alitaka kulia na hakutaka kulia mbele ya Mama Nzembi. Alimgeukia, akitegemea angalau kichwa kitikisike kwa kukubali. Mama Nzembi alikuwa bado anaitazama kompyuta kana kwamba kesi ndiyo kwanza inaanza.

"Na watoto?" aliuliza.

Daktari alijibu kwamba maradhi haya hayaambukizi, si kwa kushikana, si kwa kula pamoja, si kwa kulala pamoja. Kurithi kupo, lakini watoto wengi wa wenye mbalanga hawapati kitu. Ndiyo maana yeye huulizia koo zote mbili. Kwa akina Kadzo alikuwa amekwisha kuuliza, hakukuwa na mwingine. Je, kwa akina Muindi?

"Hakuna," Mama Nzembi alisema, haraka mno, na vidole vyake vikaushika mkoba.

Kadzo aliiona ile haraka. Aliiweka moyoni.

Kilichobaki kilikuwa taa. Daktari alisema ni ya kuhakikisha tu kwamba hakuna mabaka machanga ambayo jicho halijayaona. Alifunga mapazia mazito, akazima taa za chumba, na giza likawa zito kiasi kwamba walingoja kidogo macho yazoee. Kisha akawasha ile taa ya mkononi, na mwanga wa zambarau ukamwagika juu ya meza. Mikono ya Kadzo ikang'aa. Weupe wake wa kila siku ukawa weupe mwingine, wenye kuelekea samawati, mkali kama mbalamwezi juu ya bati. Hakuwahi kuupenda mwanga ule. Safari ya kwanza aliuvumilia peke yake, na sasa Muindi, kwa kulijua hilo, aliinama akaweka mkono wake mezani, ubavuni mwa mkono wa Kadzo, ili asiwe peke yake chini ya taa.

Mkono wa Muindi nao ukang'aa.

Haukung'aa wote. Ni vifundo vya vidole viwili, na ukingo wa kucha ya dole gumba, na alama moja ndefu juu ya kiganja. Lakini ulikuwa mng'ao ule ule. Kadzo alidhani macho yanamchezea. Akamtazama daktari, akaona daktari naye ameona.

"Hayo ni makovu," Muindi alisema. "Ni mafuta ya moto. Huniruka kila siku."

Daktari Hanifa hakubisha. Aliwasha taa za chumba, akasema kwamba yeye anampima Kadzo na hana ruhusa ya kumpima mtu mwingine bila ridhaa yake. Akaongeza kwamba hata unga, hata sabuni, huweza kung'aa chini ya taa hii. Kama Muindi anapenda, anawe mikono vizuri, waangalie tena. Kama hapendi, wayaache.

Muindi akaenda kwenye sinki. Alisugua kama mtu aliyeshika kitu kinachonuka. Alisugua vidole kimoja kimoja, akarudia, akaongeza sabuni, akasugua tena, na maji yakaendelea kutiririka mpaka Kadzo akatamani kumwambia basi. Alipomaliza alijifuta, akarudi mezani mwenyewe, akaweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cheusi. Taa zikazimwa.

Mng'ao ulikuwepo pale pale, na kando yake, sasa kwa kuwa mikono ilikuwa safi, zilionekana chenga ndogondogo za mchele uliomwagika.

Kutoka kwenye kiti cha karibu na mlango ilisikika sauti ya Mama Nzembi gizani, sauti ambayo Kadzo hakuijua, nyembamba kama ya binti.

"Ni kama ya Kaindi."

"Kaindi ni nani?" Muindi aliuliza.

"Dada yangu."

Daktari aliwasha taa. Alianza kueleza, kwa upole ule ule, kwamba bado ni changa sana, kwamba ikiwahiwa kuna dawa ya kupaka na kuna tiba ya mwanga, kwamba angependa kumpiga picha ya kwanza leo leo ili wawe na pa kuanzia. Muindi hakuwa anasikiliza. Alikuwa na swali moja tu.

"Itafika usoni?"

Daktari alisema hakuna awezaye kujua. Muindi akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa adabu, akafungua mlango akatoka.

Kadzo alimkuta chini, uani, karibu na ukuta palipoegeshwa bodaboda. Jua la mchana lilikuwa utosini. Muindi alikuwa ameitia mikono mifukoni, na ghafla Kadzo akatambua kwamba katika miaka miwili hajawahi kumwona ameitia mikono mifukoni.

"Muindi, nitazame."

"Ninakutazama."

"Unatazama viatu vyangu."

Akainua macho. Yalikuwa mekundu. Kadzo alitaka kumkumbatia pale pale, mbele ya waendesha bodaboda na kila aliyekuwa akipita, na angefanya hivyo kama Muindi asingeanza kusema.

"Tuisimamishe kwanza hii habari ya posa," Muindi alisema.

"Kwa nini?"

"Sitaki kukutwika mzigo wangu."

Neno lile lilimpata Kadzo mahali ambapo hakuwa na ngao. Hakupandisha sauti. Watu waliomjua walijua kwamba Kadzo akikasirika sauti yake hushuka.

"Mzigo," alisema. "Miaka miwili umeniambia si kitu. Umeniambia ni rangi tu. Leo imekuwa yako, imegeuka mzigo. Basi mimi nilikuwa nini kwako siku zote hizi? Mzigo uliokuwa ukiubeba kwa huruma?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Kadzo, mimi ninapika mbele ya wageni. Wanasimama na sahani zao wanaitazama mikono yangu, ndipo wanakula."

"Na mimi ninasuka kwa nini? Kwa miguu?"

Muindi aligeuka upande, akautazama ukuta. Akaanza tena, kwa sauti ya chini, kwamba Kadzo hajui watu watakavyosema. Watawaona wawili, mke na mume, wote wana mabaka. Hawatauliza daktari. Watasema...

"Watasema nimekuambukiza," Kadzo alimalizia.

Muindi hakukanusha, na katika kutokanusha kwake Kadzo aliuona mwaka wote ujao: kiti kitupu saluni, minong'ono sokoni Kikoneni, baba yake akinyooshewa vidole kama baba wa mwanamke mwenye mkosi.

"Mama yako amesema mwenyewe, humo ndani, kwamba imetoka kwenu," alisema. "Mimi nimesikia, nawe umesikia. Wakianza kusema ni mimi, wewe utawaambia nini?"

Alingoja. Alimpa nafasi ya kutosha. Muindi alifungua mdomo, akaufunga, na mikono yake ikabaki mifukoni. Pale juu, kwenye ngazi, Mama Nzembi alikuwa amesimama ameshika ukingo, naye hakusema kitu.

Kadzo alivuka barabara bila kugeuka. Alikwenda kwa miguu mpaka saluni, akamkuta mteja anamngoja, akaosha mikono, akasuka. Beryl, mwenzake wa kazi, msichana wa Kisumu aliyekuwa na mdomo mwepesi na moyo mpana, alimtazama mara moja tu kwenye kioo, akazima redio.

Ulimwengu haukuchelewa kufanya kama Kadzo alivyojua utafanya. Hotelini Muindi alianza kupika akiwa amevaa glavu, na glavu zikawafanya watu waulize, na walipojijibu wenyewe jibu lilikuwa limekwisha kuwa tayari. Mama mmoja aliyekuwa akisukwa na Kadzo kila mwisho wa mwezi alipita mbele ya mlango akaingia saluni ya ng'ambo. Mwingine alikaa kitini kabisa, akauliza kama anaulizia bei, eti ni kweli yule kijana wa watu ameipata kwake? Beryl alimjibu kabla Kadzo hajafungua mdomo, jibu ambalo halifai kurudiwa, na mama yule akatoka nusu ya kichwa haijasukwa.

Habari zilifika mpaka Kikoneni. Mzee Fondo, baba yake Kadzo, hakuwa mtu wa simu. Alipiga jioni moja, akamwuliza bintiye kama amekula, akamwambia alale salama. Kadzo alijua kwamba amesikia, na kwamba alikosa pa kuanzia.

Hakulia kwa sababu ya wateja. Alilia kwa sababu ya vitu vidogo. Kila alfajiri Muindi alikuwa na desturi ya kumtumia picha ya chakula cha kwanza alichokitoa jikoni, hata kama ni mayai, pamoja na neno moja tu, karibu. Sasa simu ililala kimya. Kuna asubuhi aliishika, akaandika jina lake, akafuta. Alimkasirikia na kumtamani kwa pamoja, na hakujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kifua kimoja bila kuuana. Wakati mwingine alimhurumia. Alikumbuka miezi yake ya kwanza, alivyokuwa akiamka na kujikagua kabla ya kufungua dirisha. Hapo angetaka kumkimbilia. Kisha alikumbuka kile kimya cha uani, na miguu yake ikakataa.

Jumamosi moja saluni ilikuwa na watu, si wengi kama zamani, lakini benchi lilikuwa limejaa, kwa kuwa kesho yake palikuwa na harusi Msambweni. Kadzo alikuwa ndio kwanza anamaliza kichwa cha mmojawapo wa wasindikizaji wa bibi arusi. Beryl alimgusa kiwiko.

"Kadzo," alinong'ona, "huyo si mathe wa Muindi?"

Mama Nzembi alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo zake za kanisani. Alipiga hodi kama mtu aliyekuja nyumbani kwa watu. Mazungumzo ya benchini yakakatika. Kila mtu pale alikuwa ameisikia ile habari, na kila mtu alifikiri sasa anakwenda kuona mwisho wake.

"Shikamoo, Mama," Kadzo alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia. Alipita mbele ya benchi, akaketi kwenye kile kiti kilichoachwa wazi mbele ya kioo, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakiweka mapajani. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko Kadzo alivyodhani.

"Nisuke," alisema.

"Mtindo gani, Mama?"

"Wowote. Bora uwe mkono wako."

Kadzo alichukua kitana. Alipaka mafuta, akagawa nywele, na alipoweka vidole vyake juu ya kichwa kile alihisi mwanamke yule akitetemeka kidogo, kisha akatulia. Akaanza mstari wa kwanza. Mama Nzembi aliwatazama wale wanawake wa benchini kupitia kwenye kioo, mmoja mmoja, ndipo akaanza kusema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini haikuwa sauti ya siri.

Alisema alikuwa na dada aliyeitwa Kaindi, mkubwa wake, aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Kaindi aliolewa, akapata mabaka meupe, na yalipofika usoni wakweze wakamrudisha na sanduku lake, tena walichagua siku ya mnada ili watu wote waone. Baba yao alimjengea kibanda nyuma ya ghala. Alikuwa na sahani yake, kikombe chake, na kigoda chake. Nzembi ndiye aliyetumwa kumpelekea chakula, na aliambiwa asiingie, aiweke sahani mlangoni.

"Nami nikaiweka mlangoni," alisema Mama Nzembi. "Kila siku. Dada yangu aliniita niingie tuzungumze, nikajifanya nimeitwa kwingine. Alikufa bila sisi wawili kula pamoja tena. Nilipohamia huku na mume wangu niliapa jina lake halitatajwa nyumbani kwangu, na hata watoto sikuwaambia."

Kadzo alikuwa ameacha kusuka. Mama Nzembi alimtafuta machoni kwenye kioo.

"Siku Muindi alipokuleta, niliona vidole vyako nikaona vidole vya Kaindi. Sikukuogopa wewe, mwanangu. Niliogopa kwamba vimenifuata mpaka Pwani." Kisha akaligeukia benchi kabisa, na sauti yake ikawa ile ile aliyoizoea Kadzo, ya mwanamke asiyebishiwa. "Ninasikia inasemwa kwamba huyu amemwambukiza mwanangu. Atakayeulizwa aseme nimesema mimi. Imetoka kwetu. Huyu hakumpa mwanangu kitu ila heshima, nasi tukashindwa kumrudishia."

Mwanamke mmoja aliinama akatafuta kitu mkobani ambacho pengine hakikuwemo. Kadzo alishika tena nywele, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi, na aliposema ilikuwa karibu na sikio la mama yule.

"Na Muindi?"

"Ameondoka nyumbani alfajiri kwenda kwenu Kikoneni. Nilitaka nifuatane naye, akanikataza. Alisema ana neno la kumwambia baba yako, na kwamba neno hilo mtu halisemi nyuma ya mama yake. Hajui kama nimekuja huku."

Kadzo hakuweza kuuliza zaidi. Alisuka. Mstari wa pili, wa tatu. Alikuwa ameukaribia utosi simu yake ilipoita juu ya meza, na jina lililotokea lilikuwa la baba yake. Mikono yake ilikuwa na mafuta. Beryl aliinyakua ile simu, akambandika sikioni bila kuulizwa, akabaki ameishikilia hapo.

Mzee Fondo hakuzunguka. Alisema kuna kijana wa Kikamba nyumbani kwake tangu asubuhi. Amekuja bila mshenga, jambo ambalo si desturi, na angemfukuza kwa hilo peke yake. Lakini kijana amesimama mbele ya watu wote waliokuwapo, ami zake Kadzo na majirani, akasema kwamba ana mbalanga, kwamba ni ya ukoo wao, na kwamba binti wa watu alisingiziwa akanyamaza yeye akiwa anajua. Ameomba radhi. Hajaomba kitu kingine.

"Nimemwuliza kama bado anataka kuleta posa," alisema Mzee Fondo. "Amesema hajui kama wewe bado unamtaka, na yeye hana uso wa kuuliza. Mimi siwezi kukujibia jambo hilo. Chukua, sema naye."

Simu ikakwaruza, ikabadili mkono. Kadzo alisikia pumzi. Alizijua zile pumzi.

"Kadzo," Muindi alisema. "Siku ile uliniuliza nitawaambia nini, nikanyamaza. Jana niliwaambia wenzangu jikoni. Leo nimemwambia baba yako. Nimechelewa, ninajua."

"Umechelewa."

"Na bado ninaogopa. Sitakudanganya. Kila asubuhi ninajitazama."

"Hata mimi nilijitazama kila asubuhi," Kadzo alisema. "Miaka yote ile uliniambia si kitu, hukuniuliza hata siku moja kama ninaogopa."

Halafu, kwa sauti iliyokuwa karibu kukatika, Muindi akamwuliza. Alimwuliza aliogopa nini, na aliogopea wapi, na nani alikuwa naye. Yalikuwa maswali madogo, yamechelewa miaka miwili, na Kadzo alihisi kitu kifuani kikilegea ambacho alikuwa amekikaza kwa muda mrefu mpaka akasahau kwamba amekikaza.

"Hayo nitakujibu ukiwa mbele yangu," alisema. "Siyo kwenye simu. Njoo. Na ukifika Ukunda usipite vichochoroni. Pita barabara kubwa mchana huu, watu wakuone unakuja kwangu."

"Kadzo, bado unanitaka?"

Benchi zima lilikuwa likisikiliza. Beryl alikuwa ameuma mdomo. Kadzo angeweza kunong'ona, na hakunong'ona.

"Ninakutaka," alisema, na saluni yote ikamsikia.

Beryl aliishusha simu. Kadzo alirudi kwenye mstari wake, akachukua mafungu matatu ya nywele kati ya vidole, na hapo akahisi kichwa cha Mama Nzembi kikitikisika chini ya mikono yake. Alitazama kwenye kioo. Mwanamke yule alikuwa analia bila sauti, machozi yakishuka mpaka kwenye kitambaa kilichokunjwa mapajani, wala hakuyafuta.

"Tulia, Mama," Kadzo alimwambia taratibu. "Ukitikisika hivyo, mstari utapinda."